Bunduki kuukuu ikimeta sana, itilie shaka

Nilipoanza kupenda bunduki za kale nilikuwa na ugonjwa wa kila mgeni: kikimeta, nakipenda. Ninazopenda zaidi ni zile za wenzo, za Marekani ya karne ya 19, zenye mkono wa chuma chini ya kifyatulio. Ukiusukuma chini, ganda tupu linarukia nje. Ukiurudisha juu, risasi nyingine inaingia.

Siku moja huko huko Marekani jamaa alinitolea bunduki ya kampuni ya Winchester, modeli ya 1892. Mtutu mweusi tii, kitako kimepigwa vanishi mpaka unajiona sura. Moyoni nilikwisha inunua. Mzee mmoja aliyekuwa kando yangu akatoa tochi ndogo, akamulika skrubu moja ubavuni mwa bunduki.

"Angalia ukingo wa tundu," akasema.

Nikainama. Kuzunguka ile skrubu chuma kilikuwa kimebonyea kidogo, kama kisahani. Tundu lililotoka kiwandani lina ukingo mkali, ukipitisha kucha inakwama. Gurudumu la kung'arishia likipita juu yake, ukingo unalainika na kuzama. Halafu akanipeleka kwenye maandishi ya mtutu. Herufi zilikuwa na mguu mmoja mzito na mwingine umefifia, kwa sababu chuma kilichozizunguka kilisuguliwa kabla ya kutiwa rangi upya. Bunduki ilikuwa nzima, inafanya kazi, inapendeza. Ila ule weusi ulikuwa wa juzi.

Tangu hapo msimamo wangu ni huu: nipe iliyozeeka yenyewe, iliyogeuka kahawia kama maganda ya nazi, kuliko iliyorembwa. Wapo wanaosema huo ni ushamba wa wakusanyaji, kwamba kitu kikitunzwa lazima kipendeze. Lakini tazama vigezo vya NRA, chama cha wamiliki wa bunduki cha Marekani, ambavyo wakusanyaji wengi huvitumia kupima bunduki za kale. Ukiacha daraja la bunduki iliyo mpya kabisa kama ilivyotoka kiwandani, la juu linadai zaidi ya asilimia 80 ya rangi ya kiwandani iwe imebaki. Linalofuata linadai zaidi ya 30. Chini yake lipo daraja la "nzuri sana", na hapo bunduki inaweza kuwa haina rangi ya asili hata chembe, mradi vipande vyake vyote ni vya kwake na maandishi yanasomeka. Iliyotiwa rangi upya inashushwa hadi "nzuri" tu. Kwa hiyo yule aliyelipa fundi amng'arishie bunduki ya babu yake alitoa fedha mfukoni ili ishuke daraja. Hilo huniuma kila nikilikumbuka.

Mbao nazo husema. Kiwandani mbao ya kitako iliachwa ikiwa juu kidogo ya chuma pale vinapokutana. Pitisha kidole kutoka kwenye mbao kwenda kwenye chuma: ukihisi unashuka kingazi kidogo, tulia. Ukihisi unapanda, msasa umepita hapo, na kilicholiwa na msasa hakirudi. Mikwaruzo, mafuta ya mikono na madoa meusi havinisumbui. Ufa unaoanzia pale kitako kinapoingia kwenye chuma, huo nausumbukia.

Skrubu sitazieleza sana. Zikiwa zimetafunwa na bisibisi isiyolingana, mtu ameingia ndani, na inabidi ujiulize alitoka na nini.

Ndani ya mtutu wengi hupaangalia kwanza. Mimi hupaangalia mwisho, nikishahakikisha mtutu ni mtupu, na lile bomba la risasi chini yake pia. Baruti za zamani na fataki zake ziliacha chumvi inayovuta unyevu, kwa hiyo vishimo vya kutu ndani ya bunduki ya miaka 130 si ajabu. Mpiga shabaha atalia. Mkusanyaji anaweza kuvisamehe.

Asichosamehe ni mtutu usio wa bunduki hiyo. Kwa kawaida modeli ya 1873 na ya 1892 zilitoka na mtutu wa inchi 24 katika umbo la raifo, na 20 katika umbo fupi la kabini. Raifo ya 1894 ilikuwa na 26. Ukipima ukapata namba isiyoeleweka, huenda msumeno ulipita. Lakini usikurupuke: Winchester walipokea oda maalumu, mteja akachagua mtutu wa pembe nane, bomba la risasi la nusu, hata mbao ya anasa. Hapo ndipo karatasi inapozidi macho. Jumba la makumbusho la bunduki huko Cody, Wyoming, lina daftari za kiwanda za modeli nyingi za zamani. Ukiwapelekea namba ya bunduki, wakiwa na ukurasa wake wanakuandikia ilitoka vipi. Anayeuza kwa bei ya "oda maalumu" bila barua hiyo anakuuzia hadithi.

Namba hiyo hiyo, kwa kuwa huonyesha mwaka wa kutengenezwa, ndiyo inayoamua kama bunduki ni ya kale kisheria. Sheria ya shirikisho ya Marekani huihesabu ya kale iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla, ingawa majimbo yana sheria zao. Modeli ya 1894, aliyoibuni John Browning, ilitengenezwa Marekani hadi 2006, zaidi ya milioni 7. Unaweza kuweka mbili mezani zinazofanana kama mapacha, moja ikawa ya kale na nyingine isiwe. Na kwa wingi huo, kuitwa 1894 peke yake si sababu ya kufungua pochi.

Ile 1892 iliyometa sikuichukua. Miezi kadhaa baadaye nilipata kabini ya modeli hiyo hiyo, rangi imekwisha tumboni pale mkono unapoibeba, imebaki nyeusi kwenye vipembe visivyofikiwa na vidole. Ubavuni kushoto ina kile kipete cha kufungia kwenye tandiko la farasi, na nyuma yake kwenye chuma upo mchoro wa nusu mwezi, uliokwanguliwa na kipete hicho kikicheza huku na huku miaka nenda miaka rudi. Nilikishika nikakizungusha polepole. Kikapita juu ya mchoro wake bila kutoka nje hata unywele.