Koti la Kwanjula

Mimi na kazi hatuna ugomvi. Ugomvi wangu ni na tai. Mtu unajinyonga mwenyewe alfajiri, halafu unakwenda kuwaambia watu una akili timamu!

Niliitwa usaili huko Nakasero, Kampala. Kazi yenyewe ya kutunza stoo, kuhesabu magunia, lakini ujumbe ukasema: "Vaa rasmi." Mwaka 2017 Wizara ya Utumishi wa Umma ya Uganda ilitoa waraka: wanaume shati la mikono mirefu, koti na tai, wanawake sketi isipande juu ya goti. Ulikuwa wa watumishi wa serikali, ila siku hizi hata ofisi yenye birika moja na viti viwili inaushika kuliko wizara yenyewe. Na asiye na mshahara anunue koti kwa mshahara gani, hapo waraka kimya.

Soko la Owino nilizunguka kwenye mivumba, yaani mitumba, mpaka miguu ikaniuma. Koti likikaa mabegani, mikono inafika magotini. Nikaenda kwa shemeji. Yeye analo jeusi, zuri, ila suruali yake haipo na haijawahi kuwepo, maana alilinunua avalie juu ya kanzu kwenye kwanjula za watu, zile sherehe za bwana harusi kutambulishwa ukweni na zawadi zake.

"Jumamosi nalihitaji," akasema. "Na usilitolee jasho."

Kana kwamba jasho huwa nalituma mimi.

Suruali nyeusi ninayo. Chumbani ilifanana na koti kama pacha. Juani nikagundua weusi nao una koo zake: koti jeusi, suruali bluu iliyokata tamaa.

Usiku ikanyesha, na sisi wa Bwaise tunajua maana yake: mafuriko. Nikatoka na ndara, viatu ndani ya kaveera, mfuko wa plastiki, suruali nimeikunja hadi magotini, tai shingoni. Mtoto wa jirani akaniuliza, "Anko, unaenda kuvua samaki au kuoa?" Kwenye teksi kondakta akaniita bosi, akanitoza nauli ya bosi. Getini askari akanipigia saluti. Niliposema nimekuja kuomba kazi, mkono ukashuka polepole, akanisukumia daftari: "Andika jina. Acha kitambulisho."

Ndani walikuwa watatu, na mmoja, wallahi, kavaa fulana.

Wajuzi wa usaili wanasema mtazame mtu machoni. Mama yangu, kule Busia, alinilea kwa kofi: mkubwa hakodolewi macho. Basi nikawa namtazama yule mama wa katikati, nashusha macho, napandisha tena, kama fundi anayetafuta dari linavuja wapi.

"Tueleze sifa zako," akasema.

Kwetu ukijisifu mbele ya wazee, wanakohoa. Nikajisifu kwa kunong'ona.

"Paza sauti, kijana."

Mzee wa kulia akataka majina ya wadhamini. Hapo nikafurahi, nilikuwa nimeyaandika jana yake. Nikatia mkono mfukoni, nikachomoa karatasi, na midomo ikatangulia akili:

"Gomesi mbili. Sukari kilo kumi. Sabuni boksi moja. Jogoo wa muko..."

Kimya. Wadhamini wangu walikuwa mfuko wa kushoto. Wa kulia ulikuwa na mambo ya shemeji: orodha ya zawadi za kwanjula ya Jumamosi.

Yule mama akavua miwani. "Na chumvi je? Mnaenda kwa watu bila chumvi?"

Nikaangalia. "Ipo, Madam. Mstari wa sita."

"Na mafuta ya taa?"

"Hayapo, Madam."

Akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli, akaichukua ile karatasi, akaandika kitu kwa kalamu nyekundu, akaipachika kwenye faili langu pamoja na vyeti. Wakasema watanipigia.

Hawajapiga. Aliyepiga ni shemeji, mara nne tangu asubuhi, anaulizia orodha yake. Leo Alhamisi. Nimekaa hapa na simu mkononi natafuta maneno ya heshima ya kuwaambia wale watu: kazi mnaweza kuninyima, ila ile karatasi nairudia kabla ya Jumamosi.