Ushuhuda wa wiki ya kwanza

Msimu wa mikutano ya maombezi umewadia, na agizo ni lile lile kwa wenye kifafa: tupa vidonge, umefunguliwa. Maombi sina ugomvi nayo. Ombeni. Ugomvi wangu ni hivyo vidonge vinavyorundikwa mbele ya jukwaa.

Fenobabitoni, dawa ya kifafa, haitoki mwilini kwa siku moja. Kwa mtu mzima huchukua takriban siku 4 kupungua nusu. Aliyekuwa akimeza miligramu 120 kila usiku akaacha Jumapili, Alhamisi bado ana nusu ya dawa kwenye damu. Jumatatu ya pili yake, kama robo. Ndiyo maana Jumapili inayofuata anapanda jukwaani mzima, tena amechangamka, kwa kuwa ule usingizi wa dawa umepungua. Vigelegele, kamera, sadaka.

Kinachofuata hakirekodiwi. Ubongo uliozoea kutulizwa na dawa kwa miaka umebaki peke yake, na kifafa kinaweza kurudi kwa fujo kuliko zamani: mshtuko mmoja haujaisha, mwingine umeanza, na katikati fahamu hazirudi. Ukipita dakika 5, ni kukimbiza hospitali, si kutafuta kijiko cha kumtia mdomoni. Ndugu wataambiwa imani yake ilikuwa haba.

Karbamazepini, dawa nyingine ya kifafa, haimpi mtu hata hiyo nafasi ya kushuhudia. Siku mbili tatu imekwisha.

Na lile dirisha la dawa linalosema "imeisha, rudi mwezi ujao" linafanya madhara yale yale, bila hata mapambio.

Haya, nakubali: fenobabitoni inatumika kwa kifafa tangu 1912 na inachosha. Wakubwa inawalaza, watoto wengine inawafanya watukutu mpaka mwalimu anakata tamaa. Kutaka kuiacha si dhambi.

Lakini huachwa kwa utaratibu. Kwa kawaida mgonjwa akae walau miaka 2 bila kuanguka, kisha daktari ashushe dozi: kidonge kimoja cha miligramu 30 kinaondolewa, mwezi unapita, kinaondolewa kingine. Miezi hiyo yote asiendeshe bodaboda, asikwee mnazi, asioge mtoni peke yake, asiachwe jikoni na mafiga yanayowaka. Akianguka, kupunguza kunasimama na anarudi kwa daktari.

Mchungaji anayetaka ushuhuda asubiri mwaka mzima baada ya kidonge cha mwisho. Wengi wanaorudiwa hurudiwa ndani ya mwaka huo.