Wanga kidogo na usiku wa mwenye kisukari

Mtu mwenye kisukari aina ya kwanza, ambaye mwili wake hautengenezi insulini ya kutosha na lazima ajidunge, akisema ameacha vyakula vya wanga kama ugali, wali na chapati, kliniki nyingi humtazama kama aliyejiunga na dhehebu.

Mwaka 2018 jarida la Pediatrics lilichapisha utafiti wa watu 316, watoto na watu wazima, waliokula wastani wa gramu 36 hivi za wanga kwa siku. HbA1c yao, kipimo cha sukari ya miezi 3 hivi, ilikuwa na wastani wa asilimia 5.67, mtu mzima kwa kawaida huambiwa ashuke chini ya 7 tu. Wakosoaji wakasema hao walikuwa wafuasi wa mlo huo tayari, tena waliojitokeza wenyewe. Kweli kabisa. Aliyeshindwa njiani hakuhesabiwa.

Ila wanaokula hivi, ukiwasikiliza, hawaanzi na asilimia. Wanaanza na usingizi. Chukua sahani yenye gramu 80 za wanga. Ugali nyumbani hauwekwi kwenye mizani, unakisiwa kwa jicho. Ukizidisha makisio kwa robo, umekosea gramu 20. Kama uniti 1 ya insulini inakutosha kwa gramu 10, umejichoma uniti 2 za bure, na kwa watu wazima wengi kila uniti hushusha sukari ya damu kwa milimoli 2 au 3 kwa lita. Umekaa mezani ukiwa na 8. Saa saba usiku uko kwenye 3, sukari imeshuka mno, fulana imelowa jasho, unapapasa kopo la sukari gizani huku mikono ikitetemeka. Sasa kosea kwa robo ile ile kwenye samaki na mchicha wenye gramu 12. Ni gramu 3. Humwamshi hata paka. Hesabu hii aliipigia debe Richard Bernstein, mhandisi wa Marekani aliyeugua tangu 1946 akiwa na miaka 12, kisha akaenda kusomea udaktari ukubwani.

Madaktari wa watoto wana hofu ya haki: kimo kudumaa, na mtoto kuanza kukiona chakula kama adui. Tena yupo anayedhani akiacha wanga ameachana na insulini. Huyo ketoasidosisi, damu kujaa asidi kwa kukosa insulini, inamsubiri.

Kwetu kuna pingamizi zito zaidi. Wengi wanatumia insulini ya mchanganyiko, ile ya 30/70, ya haraka na ya polepole katika sindano moja, asubuhi na jioni. Hapo dozi haiifuati sahani, sahani ndiyo inayoifuata dozi. Ondoa ugali bila daktari kugusa dozi, na utaanguka mchana kweupe. Halafu samaki wa kila siku ananunuliwa kwa pesa gani, wakati unga upo?

Kwa hiyo “usijaribu” linaweza kuwa jibu sahihi kwa mgonjwa fulani. Linanikera linapotolewa kabla hajaulizwa anatumia insulini ipi, na mara ya mwisho kuamka amelowa jasho ilikuwa lini.