Nani Alipie Moshi wa Bandari?

Mjadala wa moshi wa dizeli bandarini una pande mbili zinazofahamika. Wenyeji wa Changamwe, Chaani na Kibarani kule Mombasa, au wa Kurasini na Mtoni kule Dar es Salaam, wanataka hewa isafishwe. Wenye malori, mawakala wa forodha na waendesha bandari wanajibu kwa swali: gharama ataibeba nani, na mzigo utahamia wapi ikiwa bandari ya jirani itakataa kuibeba? Kila upande una haki yake, na sitaki kuupuuza wowote. Ila niseme mapema ninaposimama. Kila tukitaja moshi wa bandari, tunalinyooshea kidole lori kuukuu kwa sababu ndilo linaloonekana barabarani, na mwenye lori ndiye mnyonge kuliko wote kwenye biashara hii. Meli iliyofunga gati na mitambo iliyo yadini mpita njia haioni, na wamiliki wake wana mawakili.

Juni 2012, taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani iliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la kwanza, yaani vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Tumbaku imo kwenye kundi hilohilo. Masizi ya dizeli ni madogo mno kiasi kwamba pua na koo haviwezi kuyazuia. Huingia hadi ndani kabisa ya mapafu, na mengine huvuka yakaingia kwenye damu. Ndiyo maana madhara yake hayaishii kwenye kikohozi na pumu, bali hufika kwenye moyo na mishipa. Na wanaoumia si watu wa mitaani tu. Kuli, karani wa geti, askari wa zamu, dereva na taniboi wake hushinda mita chache kutoka kwenye bomba la moshi, siku baada ya siku. Hili husahaulika sana, kwa kuwa mjadala huwekwa kana kwamba ajira iko upande huu na afya iko upande ule, ilhali mwenye kibarua na mwenye mapafu ni mtu mmoja.

Moshi wenyewe hutoka sehemu kadhaa, na hazilingani. Meli ikishafunga gati, injini yake kubwa huzimwa, lakini jenereta zake huendelea kunguruma usiku na mchana kwa ajili ya taa, pampu na makontena ya friji. Meli ya makontena ya ukubwa wa kawaida huweza kutumia megawati moja au zaidi ikiwa imesimama tu. Sasa tazama mafuta yake. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ziliamua kwamba kuanzia Januari 2015 dizeli ya magari isizidi sehemu 50 za salfa kwa kila milioni. Meli, hata baada ya masharti mapya ya Shirika la Kimataifa la Bahari yaliyoanza Januari 2020, inaruhusiwa salfa ya asilimia 0.5, yaani sehemu 5,000 kwa kila milioni. Hiyo ni mara 100 ya kile anachoruhusiwa mwenye lori. Katika bandari za Umoja wa Ulaya, meli iliyo gatini hairuhusiwi kuzidi asilimia 0.1 tangu mwaka 2010, na Bahari ya Mediterania nzima imeingia kwenye kiwango hicho tangu Mei 2025. Pwani yetu haimo katika eneo lolote la namna hiyo. Kwa hiyo meli inayolazimika kubadili mafuta ikiingia Mediterania haina sababu ya kufanya hivyo ikiingia Kilindini, yaani bandari ya Mombasa, na jenereta zake zinaweza kuunguza mafuta mazito siku zote inazoshusha mzigo.

Yadini mambo yana unafuu kidogo. Zile kreni kubwa za kushusha makontena kutoka melini kwa kawaida huendeshwa kwa umeme. Dizeli huungua nyuma yake, kwenye kreni za matairi zinazopanga makontena na kwenye vichwa vinavyovuta matrela kutoka gatini hadi kwenye safu. Injini ya kreni ya matairi huwaka zamu nzima hata isiponyanyua kitu, ikingoja trela lifike. Tena inaposhusha kontena la tani 20 au zaidi, nguvu yote ya uzito ule hupotea kama joto. Zipo kreni za mseto zenye betri, ambazo huinasa nguvu hiyo na kuitumia kunyanyua kontena linalofuata, na zipo zinazoendeshwa kwa umeme mtupu. Hapa hata mhasibu asiyejali hewa ana sababu ya kusikiliza, maana mafuta yanayookolewa ni mengi.

Halafu malori. Watu huuliza: dereva aliye kwenye foleni ya geti kwa nini hazimi injini? Lisogelee lori lenyewe upate jibu. Breki zake ni za upepo, mipira imechoka na inavuja, na ukizima injini kwa muda, mitungi inabaki mitupu. Foleni ikisogea inabidi uwashe, ungoje upepo ujae ndipo breki ziachie. Kufikia hapo aliye nyuma ameshapiga honi na aliye pembeni ameshachomekea. Betri nayo imechoka. Stata ikigoma mara moja tu, nafasi uliyoishika tangu alfajiri imekwenda. Basi injini inaachwa iwake. Tajiri anagharamia dizeli, dereva anavuta moshi, na wote wawili wanajua kuwa ni hasara. Faini kwa dereva kama huyu haitapunguza hata chembe ya masizi, kwa sababu si yeye aliyeitengeneza foleni. Foleni hutengenezwa na geti, karatasi za forodha na mfumo wa kompyuta unaokwama. Kumpangia kila dereva saa yake ya kufika, na kumpa mahali pa kuegesha akingoja saa hiyo, ni hatua ya bei nafuu kuliko mtambo wowote wa umeme.

Hata hivyo siwezi kuwaunga mkono wote wanaolitetea lori kuukuu. Lori lenye nozeli zilizokwisha na pampu iliyochezewa hutoa masizi ya malori kadhaa mazima. Na mafuta yakichakachuliwa kwa mafuta ya taa, kiwango cha salfa 50 kinabaki kwenye karatasi. Ndiyo sababu Kenya iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018, hatua iliyopunguza tamaa ya wachakachuaji lakini ikawaumiza akina mama wanaopikia jiko la mafuta ya taa. Kuliondoa lori bovu barabarani ni jambo la lazima. Ugomvi wangu ni juu ya nani anailipia kazi hiyo.

Mahali palipojaribu kwa nguvu zaidi ni Los Angeles na jirani yake Long Beach, bandari mbili pacha za California. Wakazi wa San Pedro, mtaa ulio kando ya bandari ya Los Angeles, walikwenda mahakamani mwaka 2001 kupinga ujenzi wa gati jipya la makontena bila tathmini ya kutosha, na mwaka 2003 mji ukakubali kulipa dola milioni 50 kwa ajili ya hatua za kupunguza madhara. Juni 2004 gati hilo likaanza kuziunganisha meli za makontena na umeme wa nchi kavu. Mwaka 2006 bandari zote mbili zikapitisha mpango wa pamoja wa hewa safi, na Oktoba 2008 malori ya kabla ya mwaka 1989 yakapigwa marufuku getini. Kufikia Januari 2012 hakuna lori lililoingia bila kutimiza kiwango cha injini cha mwaka 2007. Masizi ya dizeli kutoka shughuli za bandari yamepungua kwa zaidi ya asilimia 80 ukilinganisha na mwaka 2005, na bandari hizo hazikufa kwa kukosa mzigo. Wanaosema kwamba usafi wa hewa na biashara haviendi pamoja wanapaswa kulijibu hilo.

Lakini hadithi ya Los Angeles ina upande wa pili, na watetezi wa mazingira hawapendi kuutaja. Lori jipya liligharimu zaidi ya dola 100,000. Madereva wengi walikuwa watu wa lori moja, wanaohesabiwa kama wafanyabiashara wanaojitegemea. Uongozi wa bandari ya Los Angeles ulitaka kampuni za usafirishaji ziwaajiri madereva na kuyamiliki malori. Chama cha wasafirishaji kikashitaki, na mwaka 2011 mahakama ya rufaa ikalifuta sharti hilo la ajira. Kampuni nyingi zilinunua malori mapya na kuwakodisha madereva haohao kwa kuwakata kwenye malipo yao. Uchunguzi wa gazeti la USA Today wa mwaka 2017 ulionyesha madereva waliofanya kazi saa nyingi kupita kiasi na kubaki na fedha kidogo sana baada ya makato, na wengine kupoteza lori walilokuwa karibu kumaliza kulilipia. Watoto wa San Pedro walipata hewa safi zaidi, na sehemu kubwa ya gharama ilitoka mfukoni mwa mhamiaji anayeendesha lori. Baadaye, Aprili 2022, bandari hizo zilianza kutoza dola 10 kwa kila kontena la futi 20 linalobebwa na lori la dizeli, fedha ambazo mwenye mzigo ndiye anayezilipa na zinasaidia kununua malori yasiyotoa moshi. Hapo ndipo walipopaswa kuanzia.

Hoja nzito zaidi ya wapinzani wa mabadiliko ni ushindani. Mombasa na Dar es Salaam zinagombea mzigo wa Uganda, Rwanda, Burundi na mashariki ya Congo. Bandari moja ikiongeza tozo peke yake, wakala wa Kampala au Kigali ana simu na ana chaguo. Naikubali hoja hii, ila naona inaelekeza kwingine. Gharama ya kulifikisha kontena Kampala huhesabiwa kwa maelfu ya dola, na tozo ya dola 10 haiwezi kuhamisha mzigo kama inavyouhamisha ucheleweshaji wa siku kadhaa. Tena, kama bandari zote mbili zitatoza kiasi kilekile, hakuna wa kumkimbia mwenzake. Nchi hizi zilikwisha kufanya jambo la namna hiyo kwenye salfa ya dizeli mwaka 2015. Wakati ule kila nchi ingeweza kusema majirani watafaidika na mafuta ya bei rahisi, na bado zilikubaliana.

Hoja yao nyingine, kwamba umeme wetu hautoshi kuzibeba meli, ina ukweli zaidi. Karibu asilimia 90 ya umeme wa Kenya hutokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua, na Tanzania imekamilisha bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115. Kwenye karatasi, meli ikizima jenereta na kuchomeka waya gatini, moshi umeondoka. Lakini Mombasa ina mitambo ya mafuta mazito palepale Kipevu, kando ya bandari yenyewe, na mitambo hiyo huwashwa umeme wa kutoka bara usipotosha. Moshi utakuwa umehama kutoka bomba la meli kwenda bomba la mtambo. Mwaka 2023 Kenya iliingia gizani nchi nzima zaidi ya mara moja. Nahodha mwenye makontena ya friji hatakubali kutegemea waya usioaminika. Kwa sababu hiyo naona umeme wa gati uje baada ya hatua isiyohitaji waya: kuilazimisha meli iliyo gatini kutumia mafuta ya salfa ya asilimia 0.1, kama Ulaya. Mafuta hayo yapo sokoni na meli nyingi tayari huyabeba.

Reli nayo imetufundisha jambo. Mwaka 2019 serikali ya Kenya iliamuru makontena ya bara yapakiwe kwenye reli ya kisasa ya SGR, na Mombasa ikalipuka kwa maandamano. Kimazingira wazo halikuwa baya, kwa sababu treni moja hubeba kontena zaidi ya mia kwa mafuta machache kuliko malori ya idadi hiyo, ingawa treni zenyewe ni za dizeli. Lakini agizo lilikuja bila kuwauliza madereva, wenye vituo vya makontena na mama lishe wa Mariakani, na Novemba 2020 Mahakama Kuu ikalitangaza kuwa kinyume cha katiba. Agizo la usafi lisilompa nafasi mezani anayepoteza kibarua huishia mahakamani. Tanzania imechukua njia tofauti kwa reli ya umeme na bandari kavu ya Kwala, iliyozinduliwa Julai 2025. Ikiwa malori ya Kurasini yatapungua, wenye malori wapewe kazi ya kutoka Kwala kwenda Tunduma na kwingineko mapema, kabla ya tajiri mdogo kuuza lori lake kwa bei ya chuma chakavu.

Nafasi ya kuyaweka haya kwenye maandishi ipo. DP World, kampuni ya Dubai inayoendesha bandari, ilisaini mkataba wa kuendesha sehemu ya bandari ya Dar es Salaam Oktoba 2023 kwa miaka 30, na utendaji wake unatakiwa kupimwa kila baada ya miaka 5. Mwenye mkataba wa miaka 30 anaweza kwenda nao benki akakopa kreni za umeme. Mwenye lori moja hawezi. Katika tathmini ya kwanza, serikali iulize dizeli kiasi gani imeungua yadini kwa kila kontena lililohudumiwa, na foleni ya geti ilidumu saa ngapi. Majibu hayo yatahitaji vipimo vya hewa vilivyofungwa Kurasini na Chaani, vinavyosomwa hadharani, na vifungwe sasa ili siku ya tathmini pawe na takwimu za miaka, si malalamiko ya wananchi upande huu na taarifa ya kampuni upande ule.