Cherehani ya Mbao na Matundu Kumi na Moja

Siku hizi mtu akinitajia jina lake, kabla sijaitikia salamu nishahesabu matundu ya herufi zake. Juma ana tundu moja, mtu wa watu. Neema, binti yangu, moja pia. Rose mawili. Yule jirani Obadia ana sita, na ndiyo sababu sina mazoea naye. Mama Neema ameanza kunitazama kwa jicho la pembeni, na juzi nilimsikia kwenye simu akimuuliza mama yangu mzazi kama kwenye ukoo wetu kuna mtu aliwahi kuchanganyikiwa.

Yote haya yameletwa na mashine. Niliiona Mwanjelwa, hapa Mbeya, kwa wale jamaa wanaouza mitumba ya vyuma kutoka Japani, imelala kati ya pampu mbovu na feni isiyo na mapanga. Ina shingo ndefu, meza ndogo ya chuma, na kibledi chembamba kama uzi wa gitaa kinachopanda na kushuka. Kazi yake ni kukata nakshi: maua, majina, wanyama, zile kona zinazojikunja ambazo msumeno wa kawaida ukizijaribu unapasua ubao na wewe mwenyewe. Bei sitaisema hapa, mama Neema naye ana simu yenye bando.

"Inafanya kazi?" nikauliza. "Mjomba, hiyo unachomeka tu." Nashukuru nilikuwa na akili kidogo siku hiyo, nikasoma kibandiko mgongoni. Umeme wa Japani ni volti 100, wetu ni 230. Ningechomeka tu, ingekata nakshi kwa sekunde tatu kisha ikafukiza nyumba nzima. Ikabidi ninunue na transfoma ya kushusha umeme, zito kama debe la viazi, linaguruma chini ya meza usiku kucha nikisahau kulizima. Kwa hiyo nilinunua mashine moja kwa bei ya mbili. Hilo nalo msimwambie.

Aliyeiita cherehani ya mbao si mimi, ni mama Neema, siku ya kwanza tu alipoiona imekaa sebuleni. Jina likaenea Ilomba yote kabla jua halijazama. Kesho yake mama mmoja wa nyumba ya nyuma akaja na suruali ya mumewe iliyochanika kwenye zipu. Nikamweleza kwamba mashine hii haishoni, inakata. Akaitazama suruali, akanitazama mimi, akasema, "Basi kata hata hiyo miguu iwe kaptula, baba Neema."

Na mafundi wa kweli ndio wabaya zaidi. Nilipita kwa seremala mmoja, mtu wa makabati na vitanda vya futi sita kwa sita, nikamwonyesha kwenye simu kinyago cha twiga nilichokata. Akakikuza kwa vidole viwili, akaita vijana wake wote watatu waje kuona. Nikajua nasifiwa. "Huyu mzee," akawaambia, "anashona mbao."

Halafu kila mtu ana swali lilelile: unaingiza shilingi ngapi? Mtu anakaa kibanda umiza kutazama mpira dakika tisini, na nyongeza, na penalti, anarudi bila sauti na bila nauli, na hakuna anayemuuliza ameingiza shilingi ngapi. Mimi karani wa stoo, nikitoka kazini nakata kipepeo cha mbao, nimekuwa kesi ya mtaa.

Kesi yenyewe ilifika kwa baba mwenye nyumba. Tuko wapangaji wanne kwenye mita moja, tunachanga kununua umeme. Tangu cherehani ije, uniti zikiisha mapema, mshtakiwa ni mmoja. Nikaitisha kikao uani, nikaleta kalamu. Nikawaambia, jamani, injini ya hii kitu ni wati 90 tu. Nikiiendesha saa mbili mfululizo haijala hata robo ya uniti. Pasi ya dada wa chumba cha tatu ni wati 1,200. Akinyoosha nguo nusu saa amekula zaidi ya mara tatu yangu, na huyo ananyoosha mpaka shuka. Wakanisikiliza kwa utulivu sana. Kisha baba mwenye nyumba akasema, "Sawa, mwalimu, lakini pasi haipigi kelele." Nikaongezewa elfu tatu kwa mwezi, za kelele.

Bledi nazo ni hadithi. Zina urefu wa inchi 5, zinauzwa kwa dazani, zina namba: ndogo kwa plaiwudi nyembamba, kubwa kwa mbao nene. Nenda sasa duka lolote la vifaa hapa Mbeya useme, "Naomba bledi namba 5 ya kukatia nakshi." Utaletewa bledi ya msumeno wa chuma. Ukikataa, utaletewa nyembe za kunyolea. Ukikataa tena, utaulizwa kama unanunua au unashangaa. Zangu naagiza Dar es Salaam, zinakuja kwa basi, nazifuata stendi ya Nane Nane usiku kwenye baridi la Juni linalokata masikio, napewa bahasha nyembamba kuliko barua ya posa. Mwenye bajaji akaniuliza, "Ndicho ulichofuata hiki?"

Dazani ya kwanza niliimaliza kwa siku mbili. Meno ya bledi yanatakiwa yatazame chini, ili yakishuka yakandamize ubao mezani. Mimi niliyapanga yakatazama juu. Kila bledi ikipanda inaondoka na ubao, ikishuka inaubamiza: da-da-da-da-da, kama bajaji tupu kwenye barabara iliyochimbwa, na mimi nimening'inia juu yake kwa mikono yote miwili. Halafu inakatika, "tang!", moyo unaruka, na kipande cha juu hakijui kama mwenzake amekufa. Kinaendelea kuchoma ubao kama kuku anayedonoa.

Mwanangu akanipa moyo. Shuleni walikuwa wanafundishwa mikoa, nikasema nitamkatia ramani ya Tanzania ya kupangapanga, kila mkoa kipande chake. Si wazo geni. Mchezo wenyewe wa kupanga vipande ulianzia hapohapo: miaka ya 1760 kule London, mchora ramani mmoja, John Spilsbury, alibandika ramani kwenye ubao na kuukata kwa kufuata mipaka ya nchi ili watoto wajifunze jiografia. Nikatafuta ramani, nikapata moja imebanwa kwenye mafaili ya stoo, nikaibandika kwenye plaiwudi ya milimita 4, nikaikata jioni tatu kwa bledi namba 2. Ilipendeza! Neema akaipeleka shule, akarudi nayo analia. Ramani ilikuwa ya zamani. Mbeya yangu ilikwenda mpaka Tunduma, na mwalimu anauliza Songwe iko wapi. Mwaka 2016 mkoa uligawanywa, mimi nimeugawa usiku wa manane sebuleni, na tofauti na serikali, kila nilipokata mpaka nilipoteza ardhi kidogo.

Sasa tuje kwenye matundu.

Machi niliahidi mchango wa harusi, elfu hamsini. Nilikuwa nimekunywa chai tu, sijui nini kilinipata. Ilipofika Juni, mwenyekiti wa kamati akipiga simu nampa mama Neema aseme niko bafuni. Nilioga sana mwezi huo. Mwishowe akaja mwenyewe, akakaa, akakubali chai, akaiona cherehani.

"Ndugu yangu, mbona ulikuwa unajificha bure? Tukatie bango la majina, likae nyuma ya maharusi. Boaz na Debora. Kamati inakuandika umelipa. Kazi ya dakika kumi hiyo."

Nikakubali kwa furaha, mjinga mimi. Alipoondoka ndipo nikachukua kalamu. B ina matundu mawili, O moja, A moja, Z haina: manne. D moja, E haina, B mawili, O moja, R moja, A moja: sita. Katikati alitaka ile alama ya kuunganisha inayofanana na nane iliyolewa, nayo ina mawili. Nikampigia simu nikambembeleza iwe NA, nikaokoa moja. Jumla kumi na moja. Halafu akasema, "Na tarehe, 28/06." Nane ina mawili, sifuri moja, sita moja. Nikamwambia mtandao unakatakata, nikakata.

Msiojua mtauliza, tundu ni nini kwani? Tundu ni hili. Kuzunguka herufi kwa nje, bledi inaingilia pembeni mwa ubao, inatembea, inatoka. Lakini katikati ya O hakuna mlango. Lazima utoboe kwa drili kitundu cha milimita 2, ulegeze bledi, uifungue kichwani, uichomeke tundu kutokea chini huku umeinama kama unatafuta shilingi uvunguni, uifunge tena juu, uivute ikaze. Unaipima kwa kidole: ikilia "tiing" kama gitaa iko sawa, ikilia "dwii" imelegea, itakupeleka inakotaka yenyewe. Ukate. Ulegeze, ufungue, uchomoe. Hilo ni moja. Kwenye B, geuka uanze upya.

Mbao nilichukua paini ya Mafinga, inchi moja, ikarandwa. Muuza mbao alitaka kunipa zile za kijani zilizopigwa dawa ya mchwa, "hizi hutajuta mzee," nikakataa. Vumbi lake litaingia kifuani mwangu, si mwa mchwa. Ile nyeupe nayo ilikuwa mbichi, inanuka msitu wa Sao Hill mzima. Nikaianika juu ya dari la jikoni wiki mbili. Chai yetu ikawa na ladha ya utomvu.

Herufi nikachapisha steshenari, kila moja sentimita 25, nikazibandika kwenye mbao, na juu yake selotepu. Msicheke, hiyo selotepu ni siri kubwa: inafanya bledi iteleze, paini isiungue pembeni ikawa nyeusi kama ndizi za kuchoma. Na bledi haiendi moja kwa moja kama unavyodhani, inavutia upande mmoja kidogo, kwa hiyo unausukuma ubao kwa mshazari, kama baiskeli yenye rimu iliyopinda. Unazungusha ubao, husukumi bledi. Unakaa umeuma midomo. Dakika kumi ziliisha nikiwa katikati ya O ya kwanza.

Boaz alikwenda vizuri. Kwa Debora nikapata kiburi, nikaikata B kwa nje kwanza. Kosa kubwa. Matundu hukatwa mwanzo, ubao ukiwa bado mpana wa kushika. Mimi nikabaki na B nyembamba ya kushikia kwa ncha za vidole, bledi inapita hapo karibu, nikisali sala nilizozisahau tangu kipaimara.

Ijumaa saa mbili usiku. Zimebaki R na A, matundu mawili. Nikatoboa, nikachomeka, nikakaza, ikalia "tiing", nikabonyeza swichi, na Ilomba yote ikawa giza. Nje watoto wakapiga ile kelele yao, "Aaaah!" Chumba cha tatu, yule dada mwenye pasi akasema kwa sauti nisikie, "Cherehani imetumaliza."

Nikatoa kisumeno cha mkono, kile chenye fremu kama herufi U. Bledi ni zilezile, ila injini ni bega lako. Neema akanishikia tochi ya simu. Mtoto anasinzia, tochi inashuka, nakata kivuli. Tundu la R lilichukua saa nzima. La A nililimaliza jogoo wanawika, likiwa na umbo la sambusa. Nikapiga msasa, nikapaka vanishi, nikabandika herufi zote kumi na mbili kwenye plaiwudi, saa tatu asubuhi niko ukumbini na bango kichwani.

Mwenyekiti akalizunguka. Akalipapasa. Akanyamaza.

"Zuri," akasema. "Ila bibi harusi mwishoni anaandika H. Deborah. Si umeona kwenye kadi?"

Kadi gani, ndugu zangu? Kadi wanapewa waliomaliza michango.

Nikarudi nyumbani mbio. Umeme ulikuwa umesharudi, paini ilikuwa imekwisha. Uvunguni kulikuwa na kipande cha mninga, chekundu, nilichokuwa nakitunzia kazi ya maana. Nikabandika H, nikawasha cherehani. Dakika saba! H haina tundu hata moja. Hata selotepu sikuweka, na kwa muda mfupi nikamuelewa yule mwenyekiti na dakika zake kumi.

Usiku ukumbini watu walipanga foleni kupiga picha na bango. Hakuna aliyezungumzia B niliyoikata huku nasali, wala A ya alfajiri. Wote wanasifia ile H nyekundu: ubunifu wa hali ya juu, fundi katoka wapi, kumbe wa hapahapa? Yule seremala wa vitanda naye alikuwepo, akainama akaikagua, akasema, "Hiyo H, sawa."

Jumatatu kaja mtu wa kamati nyingine, na pesa taslimu mkononi. Wanataka bango kama lile, ila lote liwe la mninga. Nikamuuliza bwana harusi anaitwa nani.

"Levi."

Nikahesabu. Hakuna. Hata moja! Nikamvutia kiti, nikamwita mama Neema alete chai, nikamwambia hii ni kazi ya dakika kumi. Pesa zilipoingia mfukoni ndipo nikakumbuka kuuliza na la bibi harusi.

"Barbara," akasema.