Jambazi Aliyekalia Diski

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo: kuzima hifadhi ya seva ili tubadilishe diski. Utaratibu naujua kama njia ya chooni gizani. Unasimamisha hifadhidata na kila programu inayoandika, unashusha mfumo wa faili (kuutenga na seva) kwa amri ya umount, unalaza kundi la LVM (linalogawa nafasi ya diski) kwa vgchange -an, unasimamisha RAID (diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja) kwa mdadm --stop, ndipo unagusa umeme. Ukiruka hatua umejitafutia balaa, maana Linux, mfumo endeshi wa seva, hushika data kwenye memori kwanza, ikaja kuiandika diskini kwa wakati wake.

Saa saba usiku nikaingia kama root, mtumiaji mwenye mamlaka yote (najua, najua). Hifadhidata nikaizima. Nikaandika umount /data, folda ya hifadhi hiyo. Ikagoma: target is busy, yaani kuna anayeitumia.

Shughuli gani saa hizi? Nikaita fuser -vm initajie nani kaing'ang'ania. Ukiacha kerneli yenyewe (kiini cha Linux), alikuwepo mmoja tu: bash (programu inayopokea amri unazoandika), mtumiaji root. Pembeni pake palikuwa na kiherufi c, sikukijali. Kilichonishtua ni kwamba root ni mimi, na mimi humo sikuwa na kazi yoyote. Kikulacho ki nguoni mwako, nikawaza, nikaanza kuwahesabu wenzangu wanaoijua nywila.

Nikampiga kill (amri ya kuzima programu) ya kistaarabu, bila namba. Hakutikisika. Siku hizi najua kwamba bash inayosubiri amri kutoka kwa mtu huipuuza ishara hiyo, ndivyo ilivyoundwa. Usiku ule niliona nimekutana na sugu. Kill -9, ile isiyopuuzika!

Dirisha langu likafunga papo hapo.

Mungu wangu, jambazi kanitoa nje! Nikarudi mbio, nikamtafuta: yupo palepale, ila kabadilisha namba. Nikamuua. Akanitoa tena. Mara ya tatu vidole vinatetemeka hata nywila naikosea. Nikampigia simu mkubwa wangu wa kazi, aliyekuwa kalala zake.

"Kaka, tumevamiwa! Kuna mtu ndani ya seva. Nikimuua ananifukuza, nikirudi namkuta kanitangulia."

Kimya. Nikasikia kitanda kikilia.

"Uko wapi?"

"Niko kwenye kiti."

"Sijaulizia makalio yako. Ndani ya seva uko wapi? Andika pwd."

Nikaandika. /data.

Miezi kadhaa nyuma, kwa uvivu wa kuandika cd (amri ya kuhamia folda) kila siku, nilitia kwenye .bashrc (faili ambalo bash husoma inapoanza) mstari wa kunipeleka /data kila ninapoingia. Kumbe ile c ilimaanisha tu kwamba huyo bash kasimama humo. Usiku kucha nilikuwa nahangaika kukunja mkeka niliokalia mwenyewe, na kila nilipojiua nikafufuka, nilifufukia juu ya mkeka uleule. Kibaya zaidi, neno /data lilikuwa mbele ya kila amri niliyoandika.

"Mbona umenyamaza?"

"Mtandao, kaka. Unakatikakatika."

Nikaandika cd / kimyakimya. Umount ikapita bila neno. Vgchange ikatangaza volumu zilizo hai ni 0, mdadm nayo ikasimamisha RAID bila ubishi.

"Imekubali?" akauliza.

"Imekubali."

"Haya. Huyo jambazi wako ukimkamata, mwambie zamu ya kesho usiku ni yake tena."