Spika za Mjomba

Mjomba wangu husoma karatasi ya maelekezo kitu kikishatoa moshi. Kwa hiyo aliponunua spika mbili za kusimama sakafuni, ndefu kunikaribia mimi, karatasi yake ilibaki ndani ya boksi, na boksi likasukumwa uvunguni.

Amplifaya alikuwa ameshaichagua kwa macho. Ya valvu, zile chupa za kioo za kukuzia sauti kama za redio za zamani, valvu moja ya nguvu kila upande, zinawaka rangi ya chungwa taa zikizimwa. Wati 8 kila upande.

"Wati za valvu ni nzito kuliko hizi za kawaida," alinieleza, kwa uhakika wa mtu aliyeambiwa hivyo jana yake na muuzaji.

Wati ni wati. Lakini mjomba naye ni mjomba, nikanyamaza.

Siku ya uzinduzi ukoo mzima ulijazana sebuleni. Mjomba akaweka muziki, akazungusha kitufe cha sauti, akazungusha tena, kikafika mwisho. Babu, aliyepewa kiti cha katikati, akasubiri kwa adabu kisha akauliza, "Mbona hamuwashi?"

"Imewaka, Baba."

Ngoma zilipoingia ndipo kila mtu akaamini imewaka, maana sauti ilianza kukwaruza hadi watoto wakaziba masikio.

Nikaenda uvunguni kuitoa ile karatasi. Desibeli 84, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti, kwa wati 1, ukisikiliza umbali wa mita 1. Yaani spika mvivu kabisa: ile ya desibeli 96 ikila wati 1, hizi zinataka kama 16 ndipo zilingane nayo. Tena ni za omu 4, na kwenye besi zinashuka chini ya 3. Omu ni kipimo cha jinsi spika inavyouzuia umeme; hizi zinazuia kidogo, kwa hiyo zinanyonya mkondo mwingi. Kazi hiyo vile vivalvu haviiwezi hata vikiombewa.

"Kumbe zina njaa!" mjomba akasema, na macho yake hayakunipendeza.

Akarudi na amplifaya mbili za transista, kila moja imenitosha kuumwa kiuno wiki nzima. Rafiki yake mmoja, fundi wa kila kitu, akaona swichi ndogo kwa nyuma inayounganisha pande mbili za amplifaya ziwe moja. Wati zinapanda vibaya sana! Chini ya swichi paliandikwa kwa herufi za sisimizi: spika isipungue omu 8. Maandishi hayo yalitazama ukuta, na ukuta haukusema kitu. Ukiunganisha hivyo, kila upande wa amplifaya unaiona spika nusu ya omu zake. Nne inakuwa 2. Kwenye besi tusizungumze.

Muziki ukaanza, mkubwa, mtamu. Ngoma ya kwanza: tak! Kimya. Amplifaya imejikinga. Baada ya sekunde chache, tak! Muziki ukarudi. Ngoma nyingine, tak!

"Huyu mwimbaji," babu akasema, "mpeni maji, ana kwikwi."

Watoto wakagundua mchezo: kucheza, na kuganda kila ikilia tak. Kusema kweli waliburudika kuliko wote.

Nikairudisha swichi mahali pake. Amplifaya moja, pande zake mbili, spika mbili, basi. Muziki ukatoka kama ulivyorekodiwa, besi imetulia. Mtu mwingine angekaa akasikiliza. Mjomba akataka ya pili nayo ifanye kazi, kila spika na amplifaya yake. Sasa transfoma kubwa namna ile, dakika ya kuwashwa, huvuta umeme kwa pupa kabla ya kutulia. Zote mbili ziko kwenye ekstensheni moja, na mjomba akaziwasha kwa kidole kimoja.

Nyumba nzima giza.

Mkewe akatokea chumbani, pasi mkononi, tochi ya simu usoni mwa mumewe. "Baba Zuhura. Moja inatosha."

Ile ya pili sasa anaikalia babu. Anasema ni ngumu kidogo, ila haiyumbi.